Kiingereza cha kundi: Jinsi wanafunzi Tukuyu wanavyoweza kusaka maana pamoja

“WE meet at two.” Maneno hayo manne, yakitumwa katika kundi la simu la wanafunzi wa kidato cha kwanza, yanatosha kuzua ubishi wa nusu saa.

Aliyeyaandika amekusudia saa mbili usiku, baada ya chakula na baada ya mzazi kurejea nyumbani na simu yake. Mwenzake aliyemzidi Kiingereza anayasoma kuwa ni saa nane mchana, wakati ambapo simu hiyo iko sokoni na mwenyewe. Wa tatu anauliza ni “two” ipi inayozungumzwa. Wa nne anakata mzizi wa fitina kwa kuandika tarakimu zinazoonekana kwenye kioo cha simu: 20:00.

Hakuna mwalimu aliyeingilia kati. Hata hivyo, wanafunzi hao wamekwisha kujifunza jambo ambalo kitabu hulieleza kwa mstari mmoja na kusahaulika kesho yake: kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa zake kuanzia mapambazuko na machweo, na Mwingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri.

Mfano wa aina hiyo unaeleweka upesi Bagamoyo. Hapa haizungumziwi Bagamoyo ya mkoa wa Pwani yenye magofu ya Kaole, bali kata yenye jina hilo katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Mji huo uko kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi, karibu na Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya migomba, chai na mvua nyingi. Mwanafunzi wa huko anayeandika “rain is raining” anao ushahidi wa kutosha. Kosa lake ni la sarufi tu.

Mtoto wa Tukuyu hukutana na Kiingereza cha sekondari akiwa tayari ana lugha nyingine. Nyumbani, hasa kwa bibi na babu, kuna Kinyakyusa. Sokoni, kanisani na shule ya msingi kuna Kiswahili. Ng'ambo ya Mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, wako Wangonde ambao lugha yao ni ndugu wa Kinyakyusa, na huko Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya serikali. Kwa hiyo suala la lugha si geni kwa mtoto huyo. Kinachomsumbua ni jinsi Kiingereza kinavyomjia.

Ukuta wa kidato cha kwanza

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini, masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo mojawapo miongoni mwa mengine. Mwanafunzi akivuka kuingia sekondari, mambo hugeuka. Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia na Hisabati huja kwa Kiingereza, na mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huja kwa lugha hiyohiyo, isipokuwa somo la Kiswahili na masomo mengine machache.

Kozi ya awali ya lugha hutolewa mwanzoni mwa kidato cha kwanza, lakini wiki chache haziwezi kufanya kazi ya miaka saba.

Tatizo hilo halikuanza na simu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Mwaka huohuo wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliochunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania, walieleza kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na kiwango cha lugha kinachotosha kusomea masomo mengine.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendelea kukiweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Ile ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiendelea kutumika. Darasani, kwa sehemu kubwa, mambo yalibaki yalivyokuwa.

Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwashirikisha wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, miongoni mwao Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulithibitisha kile ambacho walimu wengi walikuwa wakikiona kila siku: mwanafunzi anayenyamaza somo linapotolewa kwa Kiingereza huanza kuuliza na kubishana linapotolewa kwa Kiswahili.

Ukimya huo ndio kiini cha habari hii. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono alipokuwa darasa la saba hukaa kimya kidato cha kwanza, na si kwa sababu akili zake zimepungua wakati wa likizo. Akichekwa mara moja kwa kusema “my mother he is a farmer”, kosa linalotokana na neno “yeye” la Kiswahili kutotofautisha mwanamume na mwanamke, mkono hautanyooka tena kwa muda mrefu. Miaka minne hupita upesi namna hiyo, na mwisho wake ni mtihani.

Kasoko, Ngosi na Masoko

Katika kundi dogo la wenzake, mtoto huyohuyo anaweza kuwa mtu mwingine. Namna kundi linavyofanya kazi inaonekana vizuri kwa kufuatilia neno moja tu.

Chukua neno “crater” katika somo la Jiografia. Mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya kwanza hufungua kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, au huliandika katika programu ya kutafsiri ya Google, ambayo imekuwa na Kiswahili tangu mwaka 2009. Jibu huweza kuwa “kasoko”, neno sanifu kabisa. Hapo tatizo huanza upya, kwa kuwa kasoko nalo hajapata kulisikia.

Akiliuliza kundi, majibu huja vipande vipande. Mmoja hutuma neno “shimo”. Mwingine hukataa: shimo la taka nyuma ya nyumba si kasoko. Wa tatu huandika kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ni “hole of volcano on top”. Wa nne, ambaye pengine hakuwa amesema lolote tangu jioni, huandika neno moja tu: Ngosi.

Ngosi ni ziwa lililo juu katika safu ya Milima ya Uporoto, ndani ya bakuli kubwa lenye kuta za msitu. Watoto wa Rungwe hulisikia likitajwa hata kabla hawajapanda kwenda kuliona. Neno la Kiingereza ambalo dakika kumi zilizopita lilikuwa herufi sita tu kwenye karatasi, sasa lina maji, ukungu na kuta.

Inafaa kuangalia kilichotokea hapo. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa na maana kamili. Aliyesema shimo alileta umbo. Aliyekataa aliweka mpaka, kwamba si kila shimo linahusika. Mwenye Kiingereza kibovu alileta volkano. Aliyetaja Ngosi alileta kitu chenyewe, na wenzake wakakitambua. Maana ilisimamishwa kama nyumba ya msaragambo: huyu ana nguzo, yule ana fito, mwingine ana kamba.

Lakini nyumba hiyo bado ina ufa. Kwa wanajiolojia, Ngosi si kasoko ya kawaida. Ni kaldera, yaani bakuli linalobaki baada ya kilele cha mlima wa volkano kutitia ndani. Kasoko iliyochimbwa na mlipuko ni kama ile yenye Ziwa Masoko, katika wilaya hiyohiyo, mahali ambapo Wajerumani walikuwa na kambi ya kijeshi wakati wa utawala wao. Wanafunzi wakiachwa peke yao wanaweza kulala na Ngosi na kuamka nayo bila kuijua tofauti hiyo. Swali la jioni halina budi kumfikia mwalimu asubuhi.

Wataalamu wa elimu wamekuwa wakilieleza jambo hili kwa muda mrefu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki dunia mwaka 1934, alieleza kuwa kati ya yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa na aliyemzidi kuna eneo, na humo ndimo mafunzo hutokea. Msaidizi huyo si lazima awe mwalimu. Anaweza kuwa mwenzake aliyetangulia hatua moja.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa lugha Michael Long alieleza kuwa anayejifunza lugha hunufaika hasa pale mazungumzo yanapokwama na kuwalazimu wazungumzaji kuulizana walikuwa wakimaanisha nini. Nchini Canada, Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi waliofundishwa kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa, wakakielewa vizuri walipokisikia, lakini wakaendelea kukosea walipokizungumza. Mwaka 1985 alieleza kuwa kusikia pekee hakutoshi: sharti mwanafunzi aitoe lugha mwenyewe, ajikwae, agundue kinachompungukia.

Kujikwaa huko ndiko kundi linakoweza kukuruhusu kwa gharama ndogo. Katika Kiswahili, mtu husema “niazime kalamu” na pia “nimeazima kalamu”, na kitenzi ni kilekile. Kiingereza hugawa kazi hiyo mara mbili, “lend” kwa anayetoa na “borrow” kwa anayechukua. Ndiyo maana “borrow me your pen” husikika katika madarasa mengi nchini. Mwalimu anaweza kulisahihisha kosa hilo mara kumi kwa kalamu nyekundu lisitoke. Mwenzake akiuliza tu kalamu iko mkononi mwa nani sasa, mkosaji huanza kuiona njia inayopitwa na kalamu hiyo, na maneno mawili hupata kila moja mahali pake.

Simu nayo huongeza kitu ambacho darasa la wanafunzi wengi halina, nacho ni muda. Anayeandika anaweza kufuta na kuanza upya kabla ya kutuma, bila macho ya watu kumtazama. Ujumbe wenyewe hubaki, ukaweza kusomwa tena siku ya pili. Ujumbe wa sauti, kwa upande wake, hufichua yale yanayofichwa na maandishi: anayechanganya “l” na “r” anaweza kuwaalika wenzake “to pray” uwanjani na “to play” kanisani.

Lipo jambo ambalo walimu wengi hulilalamikia, na wana haki: uandishi wa mkato wa “2po”, “cjui” na “4m 2”. Lakini hata humo kuna kazi ya lugha. Anayeandika “2po” akimaanisha “tupo” amechukua tarakimu, akaisoma kwa sauti ya Kiingereza, kisha akaiingiza katika kitenzi cha Kiswahili. Asiyezijua sauti za Kiingereza hawezi kuucheza mchezo huo. Balaa huja pale mchezo unapohamia kwenye insha ya mtihani. Ama “xaxa” badala ya “sasa”, hiyo haina utetezi wowote.

Kanuni ya Kiingereza tupu

Si ajabu kundi la aina hii kuanzishwa kwa sharti moja kuu: Kiingereza tu. Anayeandika Kiswahili huonywa, hutaniwa, au huondolewa.

Sharti hilo lina ukoo mrefu. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia mwaka 2025, alieleza jinsi ambavyo shuleni kwake enzi za ukoloni mtoto aliyekutwa akisema Kigikuyu alivyochapwa viboko au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Leo kibao hakipo katika simu, lakini hofu yake huweza kuwapo.

Matokeo yake ni kundi lililojaa “good morning” na “good night”, picha za maua na sentensi zilizonakiliwa kutoka mahali pengine. Swali gumu haliulizwi, kwa sababu mwenye swali hana Kiingereza cha kuulizia. Yule anayelihitaji kundi kuliko wote ndiye anayenyamazishwa wa kwanza.

Huko Wales, mwalimu Cen Williams alieleza katika miaka ya 1990 njia iliyokuwa ikitumika katika shule zenye lugha mbili: mwanafunzi husoma habari kwa lugha moja, kisha huijadili au kuiandika kwa nyingine. Kwa mwanafunzi wa Bagamoyo hiyo ingekuwa na maana ya kubishana kwa Kiswahili, hata kwa Kinyakyusa pale inapobidi, na kuandika jibu la mwisho kwa Kiingereza.

Aliyekwisha kuelewa usanisinuru katika shule ya msingi hahitaji kufundishwa upya kwamba jani hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Anahitaji kuambiwa kuwa “photosynthesis” ni usanisinuru uleule aliokwisha kuujua. Mwenzake anaweza kumwambia hivyo kwa sekunde tano, iwapo sharti la kundi linamruhusu.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kundi linalojadili kila kitu kwa Kiswahili na kuishia hapo litafurahisha, lakini halitamfikisha mwanafunzi kwenye karatasi ya NECTA, ambayo itataka sentensi nzima ya Kiingereza, yenye kitenzi na nafsi zake. Ile hatua ya mwisho ya kuandika, ambayo huchosha na kuja usiku watu wakisinzia, ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Simu ni ya nani?

Shule nyingi nchini haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kwa hiyo kundi la mtandaoni la mwanafunzi wa kutwa hutegemea simu ya mama, ya baba au ya kaka, na huwa hai jioni, mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo.

Nchi nzima ililiona jambo hilo mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kutokana na ugonjwa wa corona. Kidato cha sita kikarejea Juni 1 na wanafunzi wengine Juni 29. Katika miezi hiyo vipindi vya redio na televisheni vilifundisha, na mwenye simu janja na bando aliweza kuulizana na wenzake. Asiye navyo alibaki na daftari la mwezi Machi.

Pengo hilo lipo pia katika siku za kawaida, na wasichana huliona kwa namna yao. Saa mbili usiku ni saa ya kundi, lakini katika nyumba nyingi ni saa ya kupika na kuosha vyombo. Msichana anaposhika simu saa tatu na nusu, mjadala umekwisha na jibu limekwisha kutumwa. Yeye hupata jibu bila ubishi uliolizaa, yaani ganda bila kokwa.

Jibu bila ubishi ndilo pia hatari kubwa ya makundi yenyewe. Ujumbe wa “nitumie jibu la namba tano” hupata wafuasi upesi kuliko swali lolote, na programu za akili unde sasa zinaweza kutoa insha nzima isiyo na kosa hata moja kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mwalimu huizawadia insha hiyo alama nzuri, na aliyeitoa hajui hata neno moja kati ya yale magumu yaliyomo.

Kosa nalo husafiri. Mwanafunzi anayeaminika akiandika kitu kisicho sahihi, wenzake watano watakinakili, na siku ya pili kitaonekana katika madaftari sita kwa mwandiko tofauti. Kinga iliyo karibu ni swali dogo la “umejuaje?”, likifuatwa na picha ya ukurasa wa kitabu au wa kamusi. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ingawa kuifungua kunahitaji bando na subira.

Ukubwa wa kundi ni jambo jingine. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeruhusu kundi moja kuwa na watu hadi 1,024. Idadi hiyo inafaa kwa matangazo ya msiba au harusi. Kujadili neno moja kunahitaji watu watano au sita wanaofahamiana, kiasi kwamba anayenyamaza anaonekana kuwa amenyamaza. Udogo huo husaidia pia usalama, kwa kuwa namba ngeni hujulikana mara moja, na mzazi mwenye simu anaweza kusoma yanayoandikwa. Mtu mzima asiyefahamika hana shughuli katika kundi la watoto, hata akiwa na Kiingereza kizuri kiasi gani.

Wasio na simu kabisa bado wana daftari. Mmoja wa kundi akinakili mjadala wa usiku, pamoja na majibu yaliyokataliwa, wenzake huweza kuusoma asubuhi njiani kwenda shule na kuongeza la kwao. Likifika darasani kabla ya kipindi cha Jiografia, swali linakuwa tayari limeandikwa juu ya ukurasa: “Sir, is Ngosi a crater?” Sarufi yake haina kosa.